Wengi wape, lakini wengi ni nani?

Wahenga walisema: wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Kauli hii tumeizoea sana. Tunaitumia katika vikao vya mtaa, katika vyama vya akiba na mikopo, katika kamati za mazishi, na hata ndani ya familia panapokuwa na mirathi au kiwanja cha kuuza. Ikishasemwa kwamba "wengi wameamua", basi mjadala unafungwa, na atakayeendelea kuuliza huonekana mkorofi.

Leo nataka tuiulize kauli hiyo maswali mawili. La kwanza: hao wengi ni nani na wamehesabiwaje? La pili: hata kama wamehesabiwa sawasawa, je, wengi wanaweza kupewa kila kitu, pamoja na kile ambacho si chao?

Maswali haya nitayapitisha katika jambo ambalo vijana wetu wengi wanalijua kuliko sisi wazee wao, nalo ni jambo la sarafu za mtandaoni na kile kinachoitwa blokicheni. Sitazungumzia hukumu ya sarafu hizo katika dini. Hilo lina wenyewe, na masheikh wamelitolea rai tofauti. Ninachozungumzia ni namna watu wanavyoamua mambo yao ya pamoja na kile wanachokiita haki baada ya kuamua.

Kwa asiyefahamu, blokicheni ni daftari la hesabu linaloandikwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na nakala yake. Hakuna meneja mwenye ufunguo wa kabati. Kanuni za daftari zimeandikwa katika programu, na zikitakiwa kubadilishwa, watumiaji wenyewe huamua. Mahali pengi uamuzi huo hufanywa kwa kura, na kura huhesabiwa kwa sarafu: mwenye sarafu 10 ana kura 10, mwenye sarafu milioni 10 ana kura milioni 10. Watetezi wa mpango huu walituahidi jambo kubwa. Walisema zama za kumtegemea mtu zimekwisha. Hakuna tena benki itakayokula fedha zako, hakuna kiongozi atakayegeuza kauli. Programu itasimamia na jamii itajitawala.

Sasa tuangalie yaliyotokea. Mfano ninaouchagua ni wa mradi mmoja unaoitwa Steem, kwa sababu ndani yake karibu kila upande ulipiga kura, kila upande ulidai unatetea jamii, na mwisho wake mali za watu zilichukuliwa.

Steem ilianza mwaka 2016. Ulikuwa mtandao wa watu kuandika makala na kulipwa kwa sarafu. Daftari lake lilisimamiwa na watu 20 wa juu walioitwa mashahidi, waliochaguliwa kwa kura za sarafu. Kampuni iliyouanzisha, Steemit, ilijichimbia sarafu nyingi mwanzoni kabisa, kiasi cha kama sehemu moja ya tano ya zote. Watu walilalamika. Kampuni ikatuliza kwa maneno: sarafu hizi ni za kuendeleza mradi, hatutazitumia kuwapigia kura mashahidi. Kwa miaka kadhaa jambo likaenda hivyo.

Februari 2020, kampuni ikauzwa kwa Justin Sun, mfanyabiashara aliyeanzisha mradi mwingine uitwao Tron. Mashahidi wakashikwa na hofu: je, mnunuzi ataiheshimu ile ahadi? Hawakusubiri kuona. Kabla mwezi haujaisha walibadilisha programu na kuzifunga zile sarafu zisiweze kupiga kura wala kuhamishwa. Walisema ni hatua ya muda tu, ya kujihami.

Tarehe 2 Machi 2020 yakaja majibu. Masoko ya sarafu, yakiwemo Binance, Huobi na Poloniex, yalikuwa na sarafu nyingi za Steem. Hazikuwa zao. Zilikuwa za wateja walioziweka huko ili kuuza na kununua. Sarafu hizo zikatumika kupiga kura, na katika muda mfupi mashahidi wote 20 wakaondolewa, wakawekwa 20 wengine wenye majina mapya ambayo hakuna aliyekuwa akiyajua. Liliwezekana hilo kwa sababu kanuni iliruhusu kila akaunti kuwapigia kura mashahidi hadi 30, na kila mmoja akapata uzito wote wa sarafu za mpiga kura. Kwa hiyo aliyezidi kidogo tu hakupata viti vilivyozidi kidogo. Alipata vyote.

Kelele zikawa kubwa. Binance na Huobi wakaondoa kura zao, wakieleza kwamba hawakuelewa vizuri walichokuwa wanakiunga mkono. Lakini sarafu zilikwishafungwa kwa ajili ya kura, na kwa kanuni za Steem sarafu iliyofungwa hutoka kidogo kidogo kwa muda wa wiki 13. Mteja aliyelala akiwa na mali yake sokoni aliamka akaambiwa mali imekwenda vitani, subiri.

Tarehe 20 Machi 2020 sehemu kubwa ya wale wa zamani wakahama. Walichukua nakala ya daftari zima, wakaanzisha jingine wakaliita Hive, na kila mtu akapewa humo kiasi kilekile alichokuwa nacho kule. Siyo kila mtu, hata hivyo. Sarafu za ile kampuni hazikuhamishwa, na baadhi ya akaunti zilizowapigia kura mashahidi wa upande wa pili nazo zikaachwa nje. Kisha tarehe 20 Mei 2020, kule Steem kulikobaki, mashahidi waliokuwepo wakabadilisha programu na kuchukua sarafu milioni 23.6, zenye thamani ya kama dola milioni 5 za Marekani, kutoka katika akaunti 64 za watu waliohesabiwa kuwa ni wapinzani. Sarafu hizo zilipofikishwa katika akaunti zilikotakiwa kwenda, mtu asiyejulikana akazihamishia soko la Bittrex pamoja na ujumbe kwamba ni mali ya wizi, wenyewe warudishiwe.

Hivyo ndivyo ulivyofanya mtandao ulioahidi kwamba hakuna atakayeweza kugusa mali ya mwingine. Na karibu kila hatua ilikuwa na kura nyuma yake.

Tuanze na lile swali la kwanza, la wengi ni nani. Katika mkutano wa watu 100, kama 60 wakisema ndiyo na 40 wakasema hapana, tunajua wengi ni wepi. Lakini mahali ambapo sarafu ndiyo kura, mtu mmoja anaweza kuwa wengi peke yake. Mwezi Juni 2022, mradi wa mikopo uitwao Solend ulikuwa na mkopaji mmoja mkubwa kupita kiasi, na iliogopwa kwamba bei ya dhamana yake ikishuka ataangusha soko. Likaletwa pendekezo kwamba wasimamizi wapewe mamlaka ya dharura ya kuingia katika akaunti yake na kuuza dhamana wenyewe. Tarehe 19 Juni pendekezo likapita kwa asilimia 97.5. Ukisikia asilimia 97.5 unasema hawa wamekubaliana kama ndugu. Kumbe katika kura za ndiyo zipatazo milioni 1.15, zaidi ya milioni 1 zilitoka katika pochi moja. Lawama zilipozidi, kesho yake ikapigwa kura nyingine ya kufuta ile ya kwanza.

Na kuna mbaya zaidi ya hiyo. Mwezi Aprili 2022, mtu mmoja alikopa kiasi cha dola bilioni moja kwa njia ya mkopo wa kitambo kidogo, ule unaochukuliwa na kurudishwa ndani ya muamala mmoja. Kwa fedha hizo akajipatia zaidi ya theluthi mbili za kura katika mradi uitwao Beanstalk, akapitisha pendekezo alilolileta yeye mwenyewe siku moja kabla, akabeba akiba ya mradi, akarudisha mkopo. Mradi ukapoteza kiasi cha dola milioni 182. Kwa mujibu wa kanuni za mradi ule, kura ilipigwa na ikapita. Mpiga kura alikuwa mwanajamii kwa muda usiotosha kupepesa jicho.

Ndugu msomaji, sisi tuna mizani ya kulipima hili bila kwenda mbali. Katika ushirika, tangu wale wa Rochdale kule Uingereza mwaka 1844, kanuni inayojulikana ni mwanachama mmoja, kura moja. Ndiyo inayofuatwa katika vyama vyetu vya ushirika na SACCOS hapa nchini. Mwenye hisa 5 na mwenye hisa 500 wanainua mkono mmoja kila mmoja. Si kwamba waasisi wa ushirika hawakujua kwamba mwenye hisa 500 ana zaidi cha kupoteza. Walijua. Lakini walijua pia kwamba ukiruhusu fedha iongee, haitabaki nafasi ya mtu kuongea.

Wapo watakaosema kwamba katika makampuni kura huhesabiwa kwa hisa na hakuna anayelalamika. Ni kweli. Lakini kampuni haisemi kwamba ni jamii. Inasema ni mtaji, na juu yake ipo sheria na mahakama zinazoweza kumzuia mwenye hisa nyingi asiwapore wenye hisa chache. Ubaya wa hawa wenzetu ni kuchukua kanuni ya kampuni, kuondoa mahakama, kisha kuita kilichobaki utawala wa jamii.

Wapo pia watakaosema, na hawa hoja yao ni nzito zaidi, kwamba mtandaoni haiwezekani kuhesabu vichwa. Mtu mmoja anaweza kufungua akaunti 1,000 kwa usiku mmoja, kila moja ikiwa na jina lake. Ukihesabu akaunti, mjanja atashinda. Sarafu angalau haiwezi kughushiwa. Nakubali kwamba ugumu huo ni wa kweli. Hata Vitalik Buterin, aliye miongoni mwa waasisi wa Ethereum, ambaye amekuwa akiikosoa kura ya sarafu kwa miaka, hajidai kwamba dawa ni nyepesi. Lakini ugumu wa kuhesabu watu haugeuzi fedha kuwa watu. Kama mizani ya dhahabu imevunjika, hatusemi basi tupime kwa rula na matokeo tuyaite gramu. Tunasema hatuna mizani, na kwa hiyo tunakuwa waangalifu juu ya yale tunayothubutu kuyauza.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Tuseme wamehesabiwa sawasawa, tena kwa vichwa. Je, wanaweza kuamua juu ya kila kitu?

Tuanze na amana. Fikiria umesafiri, ukaniachia ng'ombe wako 20 nikutunzie. Huku nyuma kijiji kikaitisha mkutano na kanuni ikawa ng'ombe mmoja ni kura moja. Mimi nina ng'ombe wawili. Nikaenda nikahesabiwa 22, na nikapiga kura kwamba malisho yako yafungwe. Je, nikisema kanuni haikukataza, nitakuwa nimejitetea? Hakuna mzee wa kijiji atakayeipokea hoja hiyo. Atasema ng'ombe uliachiwa uwachunge, hukuachiwa uwasemee. Ndicho kilichotokea Machi 2020. Aliyeweka sarafu zake sokoni aliziweka zihifadhiwe, hakuzitoa kuwa askari. Kwamba programu haikuweza kutofautisha mwenye mali na mwenye kutunza mali ni udhaifu wa programu, haikuwa ruhusa kwa mtunzaji.

Ama kuhusu ahadi. Ile kampuni iliahidi kwamba sarafu zake hazitapiga kura. Mnunuzi angeweza kusema: mimi sikuahidi, nilinunua mali na mali ni yangu. Lakini anayenunua shamba ambalo watu wana njia yao ya kwenda kisimani, amenunua shamba pamoja na njia. Hawezi kuamka asubuhi akaweka miba. Kwa hiyo siwalaumu waliokuwa Steem kwa kuogopa. Ila tuseme na upande wao pia: walimfunga mtu mikono kabla hajanyanyua mkono. Walichukua hatua juu ya mali ya mwingine kwa sababu ya jambo ambalo huenda angelifanya, na siku walipofanya hivyo walimfundisha kila mtu kwamba mali katika daftari lile inaweza kufungwa na wenye viti. Miezi mitatu baadaye, somo hilo likatumika dhidi ya wale 64. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya kujihami, mwizi naye aliuona.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Hawa ndio waliosema wameacha kutegemea maneno ya watu na sasa wanategemea programu. Lakini ahadi iliyokuwa muhimu kuliko zote, ile ya sarafu za kampuni, hawakuiandika katika programu. Waliiacha katika maneno. Ilipovunjika neno, wakagundua kwamba walikuwa wanaishi kwa kuaminiana siku zote, ila hawakujua.

Sasa ataniuliza mtu: je, unamaanisha kwamba jamii isiguse mali ya mtu hata iweje? Hata ya mwizi? Swali ni zuri, na lina mfano wake. Mwaka 2016, juu ya Ethereum, watu zaidi ya elfu kumi walichangia mfuko ulioitwa The DAO, uliofikia kiasi cha dola milioni 150. Tarehe 17 Juni mtu akaona kosa katika programu ya mfuko na akachota ether zipatazo milioni 3.6. Kanuni za mfuko zilimchelewesha wiki kadhaa kabla ya kuweza kuzitumia. Siku ya pili ikasambazwa barua iliyodaiwa kuwa yake, ikisema hakuiba, alitumia tu yaliyoandikwa. Baada ya mjadala mkali, tarehe 20 Julai daftari likabadilishwa, na fedha zikawekwa mahali ambapo kila aliyechangia angeweza kurudishiwa chake. Waliokataa wakabaki na daftari la zamani, linaloitwa Ethereum Classic, wakishikilia kwamba kilichoandikwa katika programu ndiyo sheria.

Mimi naona kurudisha kulikuwa haki. Lakini nisikilize kwa makini ninapoeleza kwa nini. Haikuwa haki kwa sababu ya kura. Kura ya sarafu iliyopigwa wakati ule ilitoa asilimia 87 za ndiyo, lakini sarafu zilizoshiriki hazikufika asilimia 6 ya sarafu zote. Kama kura ndiyo ingekuwa msingi, ungekuwa msingi wa matope. Ilikuwa haki kwa sababu mali ilikuwa na wenyewe wanaojulikana kwa hesabu, ilirudi kwao kwa kiasi kilekile, na walioamua hawakubakiza kitu mkononi kwa kuwa tu wameamua. Linganisha na Mei 2020. Pale waliochukuliwa hawakuwa wameiba sarafu zile. Waliadhibiwa kwa upande waliosimama, na mali haikurudi kwa mwenyewe, iliondoka kwa mwenyewe.

Kwa hiyo kura haitengenezi haki. Kura inachagua kati ya mambo ambayo yote yanaruhusika: tujenge kisima au tukarabati darasa, tumchague huyu au yule, tutoze ada ya kiasi gani. Katika hayo wengi wape, na mchache ajifunze kukubali. Lakini kura haiwezi kuhamisha mali ya mtu kwenda kwa mwingine ikawa halali kwa sababu mikono ilikuwa mingi. Wanaume watatu wakimpigia kura mpita njia kwamba mkoba wake ni wa wote, watashinda kwa kura 3 dhidi ya 1, na bado ni wanyang'anyi.

Litabaki jibu moja ambalo hupendwa sana na vijana wa mambo haya: asiyeridhika si aondoke? Hive si waliondoka? Waliondoka, na nawapongeza kwa hilo, kwa sababu ni wachache sana katika historia waliodhulumiwa wakaweza kubeba nakala ya nyumba nzima. Lakini mlango wa kutokea si jibu la dhulma. Wenye sarafu zilizofungwa kwa wiki 13 mlango kwao ulikuwa mwembamba. Na wale walioachwa nje ya Hive kwa sababu ya kura yao walijifunza kwamba hata waliokimbia dhulma walikuwa na orodha yao ya kuadhibu. Anayefukuzwa nyumbani kwake hafarijiki kwa kuambiwa kwamba viwanja bado vipo.

Nimelileta jambo hili la mbali si kwa kuwacheka watu wa kompyuta. Wao wamefanya haraka na hadharani, kila kitu kikiwa kimeandikwa daftarini, yale ambayo sisi tunayafanya polepole na bila kumbukumbu. Ni mara ngapi katika vyama vyetu mwenye kutoa mchango mkubwa amekuwa "wengi" peke yake? Ni mara ngapi mtunza fedha amezungumza kikaoni kana kwamba fedha anazotunza ndizo zinazozungumza? Ni mara ngapi kiwanja cha yatima kimeuzwa kwa sababu kikao cha ukoo "kimekubaliana"?

Basi tukiambiwa kwamba jambo limepigiwa kura, tusinyamaze hapo. Tuulize nani amehesabiwa, watu au mifuko. Tuulize waliopiga walikuwa wanapiga kwa chao au kwa amana ya wengine. Tuulize kilichoamuliwa kilikuwa cha nani kabla ya kura. Majibu yakiwa safi, tukubali hata kama tumeshindwa, na kushindwa huko hakuna aibu.

Wengi wape, naam. Lakini wapewe kilicho chao.